Speak & Spell: Kichezeo kilichowasomea watoto imla

KILA aliyepitia shule ya msingi anaikumbuka imla. Mwalimu husimama mbele ya darasa, hutamka neno mara moja au mbili, kisha mwanafunzi huliandika jinsi alivyolisikia. Zoezi hilo lina sharti moja lisilovunjika: neno ni lazima lisikike bila kuonekana. Likishaandikwa ubaoni mtihani umekwisha, kwani kinachobaki ni kunakili tu.

Sharti hilo ndilo lililowakabili wahandisi wa kampuni ya Texas Instruments, katika jimbo la Texas nchini Marekani, mwishoni mwa mwaka wa 1976. Mwaka huo kampuni ilikuwa imetoa kichezeo cha hesabu kwa jina Little Professor, ambacho kilimwonyesha mtoto swali kwenye kioo na kusubiri jibu. Swali la hesabu laweza kuonyeshwa bila kufichua jibu lake. Lakini je, tahajia? Mashine ingewezaje kumpima mtoto jinsi neno linavyoandikwa bila kwanza kumwandikia neno lenyewe? Njia ilikuwa moja tu: mashine inene.

Kutokana na swali hilo kulizaliwa Speak & Spell, kichezeo kilichozinduliwa mnamo Juni 1978 katika maonyesho ya bidhaa za kielektroniki jijini Chicago, kikiuzwa kwa takribani dola 50. Kwa macho ya mtoto kilikuwa kidubwasha chekundu chenye mpini wa kukibebea. Kwa wahandisi wa mawasiliano kilikuwa ushahidi kwamba sauti ya binadamu yaweza kuundwa na kipande kimoja cha silikoni kisichozidi ukubwa wa ukucha.

Mashine zilizotangulia

Ndoto ya kuunda kitu kisicho na uhai kikanena ni ya kale. Mnamo 1791 Wolfgang von Kempelen, afisa wa ufalme wa Austria, alichapisha kitabu kilichoeleza mashine aliyoiunda kwa viriba vya kupulizia hewa na mfereji wa ngozi uliofinywa kwa mkono kuiga kinywa. Mnamo 1939, katika Maonyesho ya Dunia ya New York, maabara ya Bell iliwashangaza watazamaji kwa mtambo ulioitwa Voder, kazi ya mhandisi Homer Dudley. Voder ulinena kwa umeme, ila uliendeshwa kwa vidole na kanyagio mithili ya kinanda, na waendeshaji wake walihitaji mafunzo ya muda mrefu kabla ya kutoa sentensi ya kueleweka.

Watengenezaji wa vichezeo walifuata njia nyingine. Kampuni ya Thomas Edison iliuza wanasesere wenye santuri ndogo kifuani mnamo 1890. Sauti yao ilikuwa hafifu na ya kutisha, mitambo yao ikaharibika upesi, na baada ya wiki chache biashara hiyo ikafa. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Mattel ilifanikiwa zaidi kwa mwanasesere Chatty Cathy, aliyetamka maneno mtoto alipovuta uzi mgongoni.

Wote hao, hata hivyo, walikuwa na upungufu mmoja. Walirudia kilichochongwa kwenye santuri. Chatty Cathy hakujua mtoto amesema nini, wala hakuweza kuchagua neno la kumjibu. Kichezeo cha imla kilihitaji kuchagua neno, kusikiliza vidole vya mtoto vikibonyeza herufi, kuamua kama amepata au amekosa, kisha kumjibu papo hapo. Kazi hiyo haikuwezekana kwa uzi na santuri.

Tatizo la kumbukumbu

Mtu wa leo anaweza kuuliza kwa nini wahandisi hao hawakurekodi tu maneno kidijitali na kuyahifadhi kwenye chipu. Hesabu ndogo inatosha kumjibu.

Ili kuhifadhi sauti yenye ubora wa simu ya kawaida, wimbi la sauti hupimwa mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti nane. Hizo ni biti 64,000 kwa kila sekunde moja ya usemi. Speak & Spell kilikuwa na chipu mbili za kumbukumbu, kila moja ikiwa na nafasi ya biti 131,072. Kwa wakati huo huo ulikuwa uwezo mkubwa mno kwa chipu za aina hiyo. Hata hivyo, zikijazwa sauti iliyorekodiwa kwa kawaida, chipu zote mbili zingetosha sekunde nne tu. Mwalimu wa imla mwenye sekunde nne za kunena hawezi kumaliza hata herufi za alfabeti.

Hivyo basi, iliwabidi wahandisi hao kuacha kuhifadhi sauti yenyewe. Badala yake walihifadhi maelezo ya namna ya kuitoa.

Somo la fonetiki ndani ya chipu

Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili aliyefunzwa ala za sauti anao msingi wa kuelewa walichokifanya. Hewa hutoka mapafuni na kupita kwenye koromeo. Nyuzi za sauti zikitetemeka, hupatikana sauti ghuna kama vile /z/, /v/ na irabu zote. Zisipotetemeka, hupatikana sauti sighuna kama /s/ na /f/. Weka kidole kooni, utamke /s/ kisha /z/, na tofauti utaihisi. Baada ya hapo ulimi, midomo, ufizi na kaakaa huipa hewa hiyo umbo, na umbo hilo ndilo linalotenganisha /a/ na /i/.

Kwa maneno mengine, usemi una sehemu mbili: chanzo, ambacho ni koo, na chujio, ambalo ni kinywa. Chanzo ni rahisi kukiiga kwa mashine. Kwa sauti ghuna, tuma mipigo inayofuatana kwa kasi fulani. Kasi hiyo ndiyo kidatu, yaani wembamba au uzito wa sauti. Kwa sauti sighuna, tuma mvumo usio na mpangilio, kama wa redio iliyopoteza stesheni. Kilichobaki ni kueleza umbo la kinywa.

Mbinu ya kulieleza umbo hilo kwa nambari chache ilikuwa imegunduliwa miaka kumi hivi kabla. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Fumitada Itakura na Shuzo Saito nchini Japani, na Bishnu Atal, mwanasayansi mzaliwa wa India aliyekuwa katika maabara ya Bell nchini Marekani, walifanyia kazi wazo linalojulikana kama utabiri mstari. Wimbi la sauti halipandi na kushuka kiholela. Anayejua vipimo kadhaa vilivyopita anaweza kukisia kijacho kwa karibu sana, na nambari anazotumia katika kukisia hubeba habari za umbo la kinywa kilichotoa sauti hiyo. Itakura alionyesha kwamba nambari hizo zaweza kusomwa kama bomba lililounganishwa vipande vipande, kila nambari ikionyesha ni kiasi gani cha sauti kinachorudi nyuma kinapofika kwenye kiungo.

Speak & Spell kilitumia nambari kumi kama hizo. Usemi uligawanywa katika vipande vya milisekunde 25, yaani vipande 40 kila sekunde. Kwa kila kipande kumbukumbu ilihifadhi nguvu ya sauti, kidatu, na nambari kumi za umbo la kinywa, jumla ya biti 49. Sauti sighuna zilitosheka na nambari nne za umbo, hivyo zikachukua biti 28. Kipande kilichofanana na kilichotangulia kilichukua biti kumi tu, na kimya kilichukua nne. Kwa wastani, sekunde nzima ya usemi ilihitaji takribani biti 1,200, badala ya zile 64,000. Zile sekunde nne zikawa zaidi ya dakika tatu, na kichezeo kikapata msamiati wa maneno 200 na ziada.

Wahandisi wanne

Aliyebuni wazo la kichezeo hicho ni Paul Breedlove. Aliungana na Richard Wiggins, mtaalamu wa hisabati ya usemi; Larry Brantingham, msanifu wa chipu; na Gene Frantz, aliyesimamia mpango mzima na kuunganisha sehemu zake. Kampuni iliwapa dola 25,000 na muda wa miezi mitatu waone kama jambo hilo lingewezekana. Kiasi hicho kilikuwa kidogo, na wenye shaka hawakukosekana.

Shaka hiyo ilikuwa na msingi. Kugeuza nambari kumi kuwa sauti kulihitaji hesabu nyingi kwa haraka. Chipu ilipaswa kutoa vipimo 8,000 vya wimbi kila sekunde, na kila kipimo kilihitaji kuzidisha mara 20 hivi. Hayo ni mazidisho 160,000 kwa sekunde. Mitambo mikubwa ya maabara iliweza kazi hiyo. Kichezeo cha dola 50 kinachotumia betri nne kilitarajiwa kuifanya kwa chipu ya bei nafuu, iliyoundwa kwa teknolojia ya polepole ileile ya vikokotoo vya mfukoni. Jibu la Brantingham na wenzake lilikuwa kuipanga kazi kama foleni ya kiwandani: kabla ya zidisho moja kumalizika, lingine limekwisha kuanza nyuma yake.

Sauti iliyosikika ilikuwa ya mtangazaji wa redio wa Dallas. Alisoma maneno studioni, kisha tarakilishi kubwa ikayachambua na kuyageuza nambari. Uchambuzi huo haukukosa makosa. Mara sauti ghuna ilichukuliwa kuwa sighuna, mara kidatu kikaruka bila sababu. Ilibidi wahandisi wayapitie maneno na kuyahariri kwa mkono. Sauti ya kichezeo ilikuwa ya mashine, ila ndani yake mlikuwa na mtu aliyesoma na watu waliosahihisha.

Jinsi kilivyofanya kazi

Kichezeo chenyewe kilikuwa na vibonyezo vya herufi vilivyopangwa kuanzia A hadi Z, si kwa mpangilio wa taipureta, kwa kuwa mtoto wa miaka saba anaijua alfabeti kabla ya kuijua taipureta. Juu yake palikuwa na kioo cha mwanga wa kijanibuluu kilichoonyesha herufi nane kwa wakati mmoja.

Mtoto alichagua kiwango cha ugumu kutoka A hadi D. Kichezeo kikamtajia neno, naye akabonyeza herufi moja baada ya nyingine, kila herufi ikitamkwa ilipobonyezwa. Akipata, alisifiwa. Akikosa, aliambiwa ajaribu tena. Akikosa mara ya pili, kichezeo kilimtamkia tahajia sahihi, herufi kwa herufi, kisha kikaendelea na neno lililofuata. Baada ya maneno kumi alipewa alama zake. Mlikuwa pia na mchezo wa kubahatisha neno lililofichwa na mwingine wa kuandika ujumbe kwa maandishi ya siri.

Kasoro moja ilibaki. Kwa kuwa wimbi lilipimwa mara 8,000 kwa sekunde, kichezeo hakikuweza kutoa sauti inayozidi mitetemo 4,000 kwa sekunde. Irabu zote huingia humo bila shida. Lakini sehemu kubwa ya kinachoitambulisha /s/ iko juu ya kiwango hicho, na ikikatwa, /s/ na /f/ hukaribiana. Jambo hilo halitamshangaza aliyewahi kutaja jina lake kwenye simu akalazimika kufafanua kuwa alikusudia herufi ya simba wala si ya fisi. Simu za kawaida zina mpaka uohuo.

Watoto wa kichezeo hicho

Ufanisi wa Speak & Spell uliwaletea ndugu. Mnamo 1980 kulitokea Speak & Read cha kufunza kusoma na Speak & Math cha hesabu. Uingereza ilipata sauti ya lafudhi yake, Ujerumani ikapata Buddy, na Italia ikapata Grillo Parlante, yaani nyenje anenaye, jina lililotoka katika hadithi ya Pinocchio. Kule Ufaransa kichezeo kiliitwa La Dictée Magique. Jina hilo kwa Kiswahili ni Imla ya Ajabu, na huenda hakuna lililokieleza vyema zaidi.

Mwaka wa 1981 bendi ya Uingereza ya Depeche Mode iliipa albamu yake ya kwanza jina la Speak & Spell. Mwaka uliofuata, katika filamu E.T. ya Steven Spielberg, kiumbe aliyepotea duniani alikitumia kichezeo hicho kuunda chombo cha kuwasiliana na kwao. Chipu za ukoo huohuo ziliingizwa katika tarakilishi za nyumbani na michezo ya video ya kumbi za burudani. Uuzaji wake ulifikia kikomo mapema katika miaka ya 1990. Toleo jipya lililotolewa mnamo 2019 lilirejesha umbo la zamani, ila ndani yake mna saketi za kisasa.

Urithi mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kwenye rafu za vichezeo. Chipu ile ilithibitisha kwamba mahesabu ya mawimbi yaweza kufanywa kwa bei nafuu na kwa moto mdogo wa betri, na katika miaka ya 1980 Texas Instruments ikawa miongoni mwa kampuni kuu za chipu za aina hiyo. Mnamo 2009 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliiweka Speak & Spell katika orodha yake ya hatua muhimu za historia ya uhandisi.

Utabiri mstari nao haukusahaulika. Mfumo wa GSM, ambao ulikuwa msingi wa mawasiliano ya simu za mkononi zilipoenea nchini Kenya kuanzia mwaka 2000, uliibana sauti ya mzungumzaji kwa mbinu za ukoo huohuo, vipande vya milisekunde 20 kwa 20. Simu ilichambua kinywa cha aliyeko Kisumu, ikatuma nambari hewani, na simu ya aliyeko Malindi ikaiunda upya sauti hiyo. Vizazi vya baadaye vya simu viliboresha mbinu hiyo bila kuitupa.

Kiswahili na mashine inenayo

Msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuuliza: je, kichezeo hiki kingekuwa na kazi gani kwetu? Speak & Spell kilizaliwa kwa sababu tahajia ya Kiingereza ina ukaidi wake. Mtoto hawezi kulisikia neno akawa na hakika ya herufi zake. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika, na herufi zake karibu zote hutamkwa jinsi zilivyoandikwa. Mkazo nao kwa kawaida huwa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Makosa ya imla yetu ni ya namna nyingine: r na l, dh na z, gh na g, ng' na ng. Hayo hutokana zaidi na lugha ya kwanza ya msemaji kuliko na ukaidi wa tahajia, na mwalimu wake, awe mtu au mashine, sharti atamke sawasawa.

Kwa upande wa mashine, lugha ya namna hiyo ni neema. Kuipa tarakilishi kanuni za kusoma Kiswahili ni kazi nyepesi kuliko kuipa za Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha za Speak & Spell, na ilipita miaka mingi kabla ya kuwa na mfumo wake. Mnamo 2005 kundi la watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, waliwasilisha mfumo wa kusoma maandishi ya Kiswahili kwa sauti, zaidi ya robo karne baada ya watoto wa Marekani kuanza kusomewa imla na mashine.

Kuchelewa huko hakukutokana na ugumu wa lugha. Mashine hainenei lugha ambayo hakuna aliyeirekodi. Ili kichezeo kile kitamke neno moja, ilibidi mtu akae studioni alisome, mwingine alichambue, na mwingine alisahihishe, na ilibidi pawe na aliyeona kuwa gharama hiyo inafaa kulipwa. Wajerumani, Wafaransa na Waitaliano walipata mashine zilizonena kwao kwa sababu palikuwa na wanunuzi waliotarajiwa. Hali ni hiyohiyo hata sasa, ambapo mifumo ya usemi hujifunza kutokana na saa nyingi za sauti zilizorekodiwa: lugha isiyorekodiwa hubaki bubu ndani ya mashine, hata iwe na wasemaji mamilioni.

Speak & Spell nyingi zilizosalia leo zimeliwa na kutu ya betri zilizoachwa ndani. Wapenzi wa mitambo ya zamani wamesoma biti zilizomo katika chipu zake na kuzihifadhi, hivi kwamba tarakilishi ya kawaida yaweza kuiga kichezeo kizima. Yule mtangazaji wa Dallas angali akisikika, akitaja neno na kusubiri mtoto aliandike. Sauti yake nzima, tangu herufi A hadi pongezi za mwisho, ni biti 262,144.